Kanga, Mke wa Nahodha na Shangazi Salima

Jumatatu, 22 Aprili 1974

Mtumbwi wa kwanza ulijaa, nikavuka mto na wa pili kwenda shule. Viatu vimelowa tena. Hesabu, halafu Kifaransa, halafu saa nzima ya jiografia niliyoilala macho wazi.

Mwisho akaingia Mwalimu Tshibanda na kazi yake kubwa ya mwaka. Tuchague watu wawili wa hadithi, kila mmoja na hadithi yake, na mtu mmoja wa kweli aliye hai. Tuwalinganishe. Wanafanana wapi, wanaachana wapi, na kwa nini. Kazi bora zitasomwa mbele ya mgeni mkubwa wa Chama atakayekuja kutoka Bukavu mwezi ujao.

Darasa zima lilijua mara moja mtu wa kweli ni nani. Odia, ninayekaa naye benchi moja, aliandika "Kiongozi wetu" juu ya karatasi kabla mwalimu hajamaliza kusema. Sasa anatafuta tu mashujaa wa kumpamba nao.

Mimi sitaki. Sijui bado nitamwandika nani. Najua nani sitamwandika.

Jumatano, 24 Aprili

Nimerudi, nimetwanga sombe, majani ya muhogo, na Shangazi Salima. Anatwanga akiwa amekaa. Kikwembe cheupe kiunoni, kichwa kimefungwa, mkono hauna hata bangili moja. Mume wake, Saidi, mtu wa reli, alikufa Januari kwa homa. Tangu siku hiyo shangazi yuko eda hapa kwetu, kwa kaka yake, yaani baba yangu. Chumba cha nyuma na uani. Mlango wa barabarani hauvuki mpaka miezi minne na siku kumi itimie.

Nyumba imezoea ukimya wake. Mimi bado. Kabla ya Januari, sauti yake ndiyo iliyofungua nyimbo zote za animasyo, za kumsifu Kiongozi wa nchi, hapa mtaani kwetu Alunguli, kila Chama kilipotaka wanawake wacheze. Anatupa mstari mmoja peke yake, wenzake wanaitika "Tuko hapa, tuko hapa pamoja," anatupa mwingine. Maneno yalikuwa ya Chama. Yeye aliyaimba kama ya shamba lake.

Jioni aliwapa wadogo zangu hadithi ya kanga. Chui amepata ukubwa, ameitisha ndege wote waje waimbe mbele ya kiti chake kipya. Wote wanakwenda, mpaka bundi anayechukia jua. Kanga hatoki. Amelalia mayai. Chui anatuma tumbili, anatuma nyani, mwisho anakuja mwenyewe, na baraza lake lote nyuma. Kanga hasimami. Sasa chui afanye nini? Akimla, watu watasema alishindwa na kuku wa porini. Akirudi, watasema vilevile. Basi anakaa chini kando ya kiota, anawatangazia wote kwamba amekuja kumlinda kanga.

Wadogo walicheka. Mimi nilichukua daftari: mtu wangu wa kwanza wa hadithi ni kanga.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimempata wa pili. Katika kitabu chetu cha kusoma cha Kifaransa kuna mke wa nahodha. Meli haikurudi. Wanaume wanakuja kumposa, yeye anakaa dirishani, anashona, anakataa. Mwaka jana Mwalimu Tshibanda alitusomea kurasa zile kwa sauti ya kutetemeka. Alisema huo ndio uaminifu, huo ndio ukubwa wa mwanamke.

Kwa hiyo mwanamke wa Ulaya akikaa ndani kwa ajili ya mume, ni ukubwa. Tuone watasemaje juu ya mwanamke wa Alunguli.

Mtu wangu wa kweli ni Shangazi Salima.

Jumapili, 28 Aprili

Citoyen Lusuna amekuja. Ni mkubwa wa Chama hapa mtaani. Mwaka juzi alikuwa Monsieur Julien na tai shingoni. Sasa majina ya Kizungu na tai vimekatazwa, sote ni citoyen, na yeye ndiye anayewakataza wengine.

Alikaa sebuleni, akakataa chai, halafu akainywa. Anamtaka shangazi. Mgeni wa Bukavu anakuja, mitaa yote itacheza uwanjani, na Alunguli bila Salima ni ngoma bila ngozi. Hayo ni maneno yake.

Baba alimwambia yuko eda.

"Eda njo mambo ya Warabu," Lusuna akasema. "Otantisite inasema turudie ya bankambo, mambo ya babu zetu."

"Bankambo yangu walikaa eda, citoyen. Ya kwako walikaa nini, sijui."

Mama alicheka jikoni, akajifanya anakohoa. Lusuna hakucheka. Alisema karani wa posta anaweza kuhamishwa wakati wowote, na kwamba Punia kule porini wanahitaji sana makarani. Baba yangu ni karani wa posta.

Baada ya kuondoka kwake baba alikaa muda mrefu na kikombe kitupu mkononi. Ana hofu. Sikujua kwamba naweza kumpenda zaidi kwa hofu yake.

Shangazi alisikia kila kitu. Ukuta ni mwembamba.

Jumanne, 30 Aprili

Nimeandika kurasa sita bila kuinua kichwa.

Wanafanana: wote watatu wameitwa na wamekataa kutoka. Wote watatu hawana silaha yoyote zaidi ya kukaa. Wanaachana: kanga anakaa kwa ajili ya watakaokuja. Mke wa nahodha anakaa kwa ajili ya mtu anayeweza kurudi. Shangazi yangu anakaa kwa ajili ya mtu aliyekwenda, anajua harudi, alimwosha miguu alipokuwa akifa. Kanga akitoka, mayai yatakufa. Mke wa nahodha akitoka, meli labda itafika akiwa hayupo. Shangazi akitoka, hakuna kitu kitakachovunjika ambacho mtu anaweza kukiona. Ndiyo maana kukataa kwake ni kukubwa kuliko kwa wengine. Nimeandika hivyo, nikapigia mstari.

Nikaona ni nzuri. Ilikuwa nzuri. Nikaenda kumsomea.

Alisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele. Halafu: "Nani amekuambia mimi nilikataa?"

Nikamwambia, Lusuna alikuja, wewe hukutoka.

"Sikutoka. Ile si kukataa. Lusuna angekuja mwezi wa Desemba, Saidi yuko hai, ningeenda kumwimbia mpaka akimbie. Miye napenda kuimba, Zaina. Hata ile nyimbo yao."

"Hata kwa watu wanaotaka kumpeleka kaka yako Punia?"

"Sikae hapa kwa sababu yao. Nakaa juu ya Saidi. Weye umeandika kama Lusuna njo bwana yangu."

Nilitoka uani na uso wa moto. Nina hasira naye. Nina hasira zaidi kwa sababu sentensi ile ya mwisho ni ya kweli: katika kurasa zangu sita Saidi ametajwa mara moja, Lusuna kila mahali.

Jumatano, 1 Mei

Hasira haijaisha. Nimefikiri njia nzima ya kwenda na kurudi, na maji ya mto yanapiga ubavu wa mtumbwi.

Shangazi anajua kwa nini anakaa. Hajui anaonekanaje kutoka nje. Mtu anayekaa kimya mahali ambapo wote wanaamriwa kuimba anaonekana, atake asitake. Hilo si kosa langu. Sitalifuta.

Lakini Saidi nimemwongeza. Ukurasa mzima. Jinsi alivyokuwa akirudi na kofia ya reli imejaa mapera ya Kibombo. Jinsi alivyokuwa akiimba vibaya, na shangazi akimwomba anyamaze, naye akizidi.

Ijumaa, 3 Mei

Nimempa Mwalimu Tshibanda kazi yangu. Odia alitaka kusoma, nikakataa. Yeye amemlinganisha Kiongozi na mwindaji aliyeua nyoka wa mtoni, na tena na mfalme fulani wa Kifaransa. Nikamwuliza wanaachana wapi. Alishangaa.

"Wanaachana nini?"

Nikamwambia mwalimu ametaka pia tofauti.

"Hakuna tofauti," akasema Odia. "Wote ni wakubwa." Si mjinga Odia. Anaijua nchi yake kuliko mimi.

Jumatatu, 6 Mei

Mwalimu Tshibanda aliniita baada ya masomo. Mlango aliuacha wazi, akasema kwa sauti ya chini. Karatasi zangu ziko mbele yake, hazina alama, hazina hata nukta nyekundu.

Alisema ni kazi ya kweli. Alisema nimtoe mtu wa tatu. Nimweke mama yake Kiongozi, mjane naye, mwanamke wa heshima, nipate pointi zote na nisome mbele ya mgeni.

Nilimwuliza kama mke wa nahodha bado ni mkubwa.

Aliangalia mlango. Ni kijana bado, ametoka Kasai, hana ndugu hapa, analala katika chumba cha padri mmoja aliyerudishwa kwao. Naelewa. Kuelewa hakunizuii kumdharau kidogo.

"Citoyenne Atosha," akasema. Ni jina langu la darasani. Lile la nyumbani, Zaina, halikubaliwi kwenye karatasi. "Nina mwaka mmoja tu wa kazi."

Nikamwambia simtoi mtu. Nikachukua karatasi zangu.

Jumatano, 8 Mei

Lusuna tena. Safari hii hakukaa.

Ameamua. Kama Salima hatoki, mimi nitasimama mahali pake. Amesikia kwamba nina sauti ileile. Ni kweli, watu husema hivyo. Nikisimama nikafungua wimbo vizuri, habari ya Punia imekwisha. Nisiposimama, baba afunge mizigo.

Alisema hayo akiniangalia mimi, na baba yuko palepale kama kiti.

Alipotoka, baba alisema: "Zaina, usifanye juu yangu." Mama alisema: "Afanye juu ya nani basi? Punia kule hakuna hata barabara." Waligombana kwa mara ya kwanza mbele yetu. Nikaenda kulala bila kula bukari.

Alhamisi, 9 Mei

Kanga hakuwa na baba wa kupelekwa Punia. Mke wa nahodha naye hakuwa na kaka. Katika hadithi mwanamke anayekataa huwa peke yake kabisa, na ndiyo maana anaweza. Hakuna mwandishi aliyempa familia.

Ingefaa kuwa katika kazi yangu. Tofauti kubwa kuliko zote, na sikuiona.

Nimekwenda kwa shangazi kusema nitasimama mahali pake. Nilitaka aseme usisimame. Alisema: "Mustari wa pili usikimbie. Shusha pumzi kwanza." Akageuka ukutani.

Nimelia. Basi.

Jumamosi, 11 Mei

Mazoezi baada ya salongo, kazi ya lazima ya Jumamosi. Mikono yetu bado ina matope ya mfereji. Wanawake wa Alunguli wamepanga nusu duara, mbele yao nafasi moja tupu. Nafasi ya Salima. Lusuna amenisukuma pale kwa kidole.

Mama Kibibi, muuza samaki wa kukausha, ndiye mkubwa wao. Amenitazama kutoka chini mpaka juu.

"Mwenye mahali hajafa," akasema. "Mahali ya muntu haiazimwi kama sufuria."

"Mama Kibibi, imba," Lusuna akasema.

"Naimba, citoyen. Kwani nimenyamaza?"

Wameitika, lakini kwa mdomo nusu. Kwao ni desturi: aliyeufungua wimbo ndiye mwenye wimbo, na akiwa katika msiba wimbo hungoja. Ningeijua kama ningekuwa nimecheza nao hata mara moja. Mimi nilikuwa msomi, nilikaa nyumbani na kitabu. Wananiona mwizi. Mimi najiona mwizi. Nimeimba mistari yote, sauti imetoka safi, na kila mstari nilitamani uvunjike.

Jumanne, 14 Mei

Kesho.

Naandika ili mkono uwe na kazi. Sijaamua kitu. Si kweli. Nimeamua jambo moja: sitaimba vibaya makusudi. Huo ungekuwa udanganyifu mdogo mdogo, wa kuponyoka. Ama naimba, ama siimbi.

Alhamisi, 16 Mei

Jana sikuweza kuandika.

Uwanja karibu na kituo cha reli, jua la kuua. Mgeni wa Bukavu alichelewa sana, watoto wa shule za chini wakaanza kuanguka, wakabebwa. Akafika. Mtu mnene, mpole, amechoka, amevaa abakosi, lile koti lisilo na tai, ya rangi ya majivu. Hotuba. Halafu Odia akasoma kazi yake. Alisoma vizuri sana. Mwindaji, mfalme, Kiongozi. Mgeni alifunga macho mahali pa mfalme, akayafungua walipopiga makofi.

Mtaa wa kwanza ukacheza. Wa pili. Halafu Alunguli.

Nikasimama pale. Nyuma yangu wanawake, vikwembe vyote vya sare moja na sura ileile ya Kiongozi kifuani na matakoni. Lusuna yuko pembeni, anatabasamu kwa ajili ya mgeni. Baba nilimwona kati ya watu wa posta. Ngoma ikaanza. Mzunguko wa kwanza ni wa ngoma tu, wa pili ndipo mwimbishaji anapofungua.

Nilishusha pumzi kama alivyonifundisha. Mdomo nikaufungua. Na nikajua, bila kufikiri, kwamba mstari ule si wangu kuutoa. Si Chama nilichokifikiria, wala Punia, Mungu anisamehe. Nilimwaza mwanamke aliyekaa ng'ambo ya mto, anayejua ngoma imefika wapi.

Nikafunga mdomo.

Ngoma ikapita mahali pa mstari. Kimya. Sijawahi kusikia kimya kirefu namna ile kati ya watu wengi namna ile. Nilimwona Lusuna anaacha kutabasamu, meno bado yako nje. Nikasema moyoni, sasa ngoma itasimama, sasa watakuja kunishika.

Halafu nyuma yangu, mahali pake hasa, bila kuchelewa hata kidogo: "Tuko hapa, tuko hapa pamoja."

Wote. Kwa mdomo mzima.

Ngoma ikaenda. Mstari wa pili, kimya. "Tuko hapa, tuko hapa pamoja." Wa tatu. Miguu yao ikapiga vumbi likapanda mpaka magotini kwangu. Walikuwa wakimwitikia Salima. Kila mstari waliupa urefu wake, ule ambao yeye hupenda kuuvuta, ule anaoukata. Mimi nilisimama mbele na mdomo uliofungwa tangu mwanzo mpaka mwisho, na sikusogea.

Tulipomaliza hakuna aliyejua la kufanya. Watu wote wakamtazama mgeni. Mgeni akatazama huku na huku. Halafu akainuka na kupiga makofi. Akamwambia Lusuna, kwa kipaza sauti, kwamba hajawahi kuona hivyo hata Kinshasa: Kiongozi ananena ndani ya mioyo, na wananchi wanaitika bila kuambiwa.

Uwanja mzima ukapiga makofi. Lusuna akapiga kuliko wote.

Mama Kibibi akanipita, kapu kichwani. "Mutoto ya Amisi," akasema, "kumbe uko na shingo ngumu." Amisi ni baba yangu.

Ijumaa, 24 Mei

Nilingoja kuitwa. Hakuna aliyeniita. Hawawezi. Wakiniadhibu, lazima wamwambie mgeni wa Bukavu kwamba alipigia makofi mgomo. Hakuna Punia. Baba amecheka kwa mara ya kwanza tangu Januari, akiwa peke yake, akinyoa ndevu.

Chui alijua vizuri kwamba kanga amemshinda, akatafuta neno la kujifunika. Mgeni yule hakujua. Aliamini. Sijui yupi ni mbaya zaidi. Nafikiri mgeni. Mtu unayeweza kumkatalia usoni, naye akasikia wimbo wa sifa zake, huyo utamshindaje?

Mwalimu Tshibanda ameomba tena kazi yangu. Amesema aliisoma mara mbili siku ile kabla sijaichukua, na kwamba hawezi kuitia alama lakini anataka nijue. Nimemwambia haitoshi. Amesema anajua kwamba haitoshi.

Sikumpa. Naiandika upya. Shangazi hakukataa, mimi ndiye niliyekataa. Hayo ni mambo mawili, na niliyachanganya. Kurasa za kwanza zilimpa yeye ujasiri ambao nilikuwa nautaka mwenyewe.

Jumapili, 2 Juni

Eda imekwisha jana. Wanawake walikuja kumwosha. Udi, mafuta, kikwembe kipya cha kijani ambacho Mama Kibibi alileta bila kusema nani amenunua. Alipovuka mlango wa barabarani alisimama, akashika ukuta. Jua lilikuwa kali kwake. Amekonda kuliko nilivyoona ndani.

Jumanne, 4 Juni

Amekwenda mazoezini. Kwa miguu yake, hakuna aliyemtuma. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Baada ya yote yaliyotokea uwanjani. Kisha nikakumbuka aliniambia mwenyewe kwamba anapenda kuimba, huku anachambua mchele.

Nilimfuata. Alisimama mahali pake, wanawake wakapiga vigelegele. Ngoma. Akavuta pumzi.

Lusuna akainua mkono. Amri imefika kutoka Bukavu: wimbo wa Alunguli uchezwe hivyohivyo kama mgeni alivyouona. Watu wa mji wa Kailo wamekwisha kuagizwa kujifunza. Kwenye kila mstari mwimbishaji ananyamaza.

"Nanyamaza?" shangazi akauliza.

"Unanyamaza, citoyenne. Njo amri."

"Mpaka lini?"

Lusuna alishusha mkono. Karibu nimwonee huruma.

Shangazi alimtazama, akanitazama mimi. Sikujua niweke wapi uso. Akajifunga vizuri kikwembe chake cha kijani. "Basi munyamaze wenyewe," akasema. "Miye nilinyamaza ya kwangu." Akaondoka taratibu, akisalimia watu njiani.

Alhamisi, 6 Juni

Mvua asubuhi, sasa imekatika. Sijaenda shule, mto umechafuka.

Shangazi anaosha mchele uani. Hapo kwanza alikuwa anavuma tu bila maneno. Sasa anaimba. Ni wimbo uleule, ila maneno ya Chama ameyatoa, ameweka mapera, kofia, treni inayochelewa Kibombo. Anaupata taratibu, anarudia mahali, anakosea, anaanza upya.

Nimeacha kuandika kazi ya mwalimu ili nisikilize. Mstari wa kwanza umetoka wote.

Nyuma ya ua, kwa Mama Kibibi, kinu kimesimama. Wanawake wanaitika.

Anawapa wa pili.